Kidimbwi kipya uani: Usiyamwage maji, yapime kwanza

Na Mwandishi Wetu

IKIWA una jamaa anayeishi Lavington, Kileleshwa, Loresho au hata Uthiru, huenda umekwisha kukiona kidimbwi cha aina hii uani kwake. Hakijachimbwa ardhini wala hakina vigae. Ni turubai nene la plastiki ya samawati lililoshikiliwa na vyuma pande zote, lina kipampu kidogo pembeni kinachonguruma kama jokofu kuukuu, na ndani yake watoto hupiga mbizi mchana kutwa hadi midomo ikatetemeka kwa baridi. Hununuliwa dukani kikiwa kwenye boksi, mwenye nyumba hukiunganisha kwa saa moja au mbili, na likizo inapokwisha hukunjwa kikarudishwa stoo.

Ni starehe isiyo na makuu, na gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ya kujenga kidimbwi cha kudumu. Hata hivyo, wengi wanaokinunua hushughulikia vyuma, ngazi na pampu, wakasahau kwamba kitu ambacho watoto wao wataogelea ndani yake si plastiki bali ni maji. Na maji, msomaji, yana tabia zake.

Desemba iliyopita dada yangu mkubwa, ambaye anaishi Lavington si mbali na barabara ya Gitanga, alinipigia simu Jumamosi asubuhi.

"Njoo uone maajabu," alisema. "Maji yamegeuka chai."

Nilipanda matatu ya Kawangware, nikashuka njiani na kutembea. Nilimkuta shemeji amesimama uani mikono kiunoni, akikitazama kidimbwi chake cha siku nne. Dada hakuwa ametia chumvi. Maji yalikuwa rangi ya chai ya strungi iliyomwagiwa maziwa kidogo, na huwezi kuona sakafu ya kidimbwi ingawa kina chake hakifiki hata goti la mtu mzima na nusu yake. Watoto wake wawili, ambao huniita mama mdogo, walikuwa wamekaa ngazini macho mekundu kama waliotoka kwenye moshi wa kuni.

Mambo yalikuwa yamekwenda hivi. Wiki hiyo mfereji ulikuwa mkavu kwa sababu ya mgao, kwa hivyo shemeji aliagiza boza la maji ya kisima. Maji yalipoingia kidimbwini yalikuwa meupe kama machozi. Shemeji, mtu asiyependa kusoma vijitabu vya maelezo, alitia kikombe kizima cha chembechembe za klorini ili kuua wadudu. Kufikia jioni rangi ilikuwa imeanza kubadilika. Kesho yake alichovya kijikaratasi cha kupimia, kikabaki cheupe, naye akaamua kwamba klorini haitoshi. Akaongeza nusu kikombe. Watoto wakaingia, wakatoka wakijikuna na kulia macho.

Jirani akashauri kwamba maji hayo ni mabovu, yamwagwe yote. Boza jingine lilikuwa limekwisha kuagizwa, lifike saa nane mchana.

Hapo ndipo niliposhtuka. Kidimbwi hicho kina upana wa mita 3.66, yaani futi 12, na maji yake yana kina cha sentimita 62. Chukua nusu ya upana, uizidishe kwa yenyewe, kisha kwa 3.14, halafu kwa kina cha maji: 1.83 mara 1.83 mara 3.14 mara 0.62. Utapata mita 6.5 za ujazo, ambazo ni lita 6,500. Hiyo ni mitungi 325 ya lita 20. Mwendo mfupi tu kutoka hapo, kule Kawangware, kuna akina mama wanaonunua maji mtungi mmoja mmoja kutoka kwa vijana wa mikokoteni na kuyatumia kwa kupikia, kuoga na kufulia. Kumwaga mitungi 325 kwenye nyasi kwa sababu ya rangi ni jambo ambalo mtu angepaswa kulifikiria mara mbili, na hapa hakuna aliyekuwa amelifikiria hata mara moja.

Nilimwomba dada ampigie simu mwenye boza amwambie asubiri. Kisha nikajaza chupa ya nusu lita maji ya kidimbwi na kurudi nayo mjini.

Mzee wa hoteli

Katikati ya jiji kuna mzee mmoja ambaye kwa miaka mingi amekuwa akitunza kidimbwi cha hoteli. Nilimfahamu nilipokuwa nikiandika makala nyingine. Nilimkuta akifagia majani juu ya maji kwa wavu wake mrefu. Aliitazama chupa yangu dhidi ya jua, akacheka.

"Haya ni ya kisima," alisema kabla sijamweleza lolote. "Binti yangu, hayajaharibika. Ni chuma tu kimejitokeza."

Ili kumwelewa mzee huyu inafaa kujua kwamba jiji la Nairobi hupata maji ya aina mbili zilizo tofauti kabisa. Maji ya mfereji hutoka mbali, kwenye milima ya Aberdare: bwawa la Ndakaini, lililokamilishwa mwaka 1994 na linaloweza kuhifadhi mita milioni 70 za ujazo, pamoja na bwawa la Sasumua upande wa Kinangop. Ni maji ya mvua na mito ya msituni, mepesi, yenye madini machache. Husafishwa huko Ng'ethu na Sasumua, hutiwa klorini, ndipo yakateremshwa hadi jijini.

Maji ya kisima ni kitu kingine. Nairobi imekaa juu ya miamba ya volkeno, na visima vya mitaa ya magharibi huchimbwa kwa mashine mita 200 na zaidi kwenda chini. Maji yaliyokaa humo muda mrefu huwa yamelamba miamba hiyo. Hupanda yakiwa na baikaboneti nyingi ya sodiamu, mara nyingi na madini ya floridi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na katika visima vingine chuma pia. Chuma hicho kikiwa chini hakionekani, kwani kimeyeyuka. Kikikutana na hewa hugeuka kutu polepole. Kikikutana na klorini hugeuka kutu papo hapo. Shemeji alikuwa amepika chai bila kujua.

Na ule weupe uliofanana na maziwa? Klorini aliyotumia ni ya kalsiamu. Kalsiamu hiyo ilikutana na ile baikaboneti ya kisima katika maji yenye pH ya juu, na sehemu yake ikajitenga kuwa chembe za chokaa, jambo lile lile linaloacha ukoko ndani ya birika la chai.

Kuhusu kijikaratasi kilichobaki cheupe, mzee alisikitika. Dawa inayogeuka waridi inapogusa klorini ina kasoro moja: klorini ikizidi mno huiunguza rangi hiyo, ikarudi kuwa nyeupe. Kwa hivyo maji yasiyo na klorini na maji yenye klorini ya kutisha yanaweza kuonyesha jibu moja. Alichukua kipimo kimoja cha maji yangu, akakichanganya na vipimo tisa vya maji ya chupa, ndipo akatia dawa. Rangi ikatokea safi, kati ya 2 na 3. Zidisha kwa 10. Watoto wa dada yangu walikuwa wameogelea katika maji yenye klorini ya zaidi ya miligramu 20 kwa lita, ilhali kiwango kinachofaa kidimbwi cha nyumbani ni kati ya 1 na 3.

Mambo matatu, kwa mpango wake

Mzee alinieleza kwamba maji ya kidimbwi hupimwa kwa mambo matatu kabla ya mengine yote, na kosa la watu wengi ni kuanzia mwishoni. Huanza na klorini kwa sababu ndiyo wanayoijua.

La kwanza ni alkali ya maji. Hii ni ile akiba ya baikaboneti iliyomo. Akiba ikiwa kidogo, maji hayana msimamo: leo ni makali, kesho si makali. Ikiwa nyingi, maji huwa mkaidi na hukataa kurekebishwa. Inayofaa ni kati ya miligramu 80 na 120 kwa lita.

La pili ni pH, kipimo cha ukali kinachoanzia 0 hadi 14. Maji matupu ni 7. Ndimu iko karibu na 2, magadi yako juu ya 10. Machozi ya binadamu yana pH ya 7.4 hivi, na ndiyo sababu kidimbwi hulengwa kati ya 7.2 na 7.6. Nje ya hapo macho hulalamika hata kama klorini ni sawa kabisa.

La tatu ndilo klorini yenyewe, nayo hutegemea lile la pili kuliko watu wanavyodhani. Klorini ikiingia majini hugawanyika sehemu mbili, moja yenye nguvu ya kuua vijidudu na nyingine goigoi. Katika pH ya 7.2 karibu thuluthi mbili huwa ile yenye nguvu. Katika 7.5 ni nusu. Ikifika 8 ni robo tu, na katika 8.5 ni kama sehemu moja kwa kumi. Hii ina maana kwamba mtu aliyejaza kidimbwi kwa maji ya kisima yenye pH ya 8.5 anaweza kumwaga klorini kopo baada ya kopo na bado vijidudu vya kuharisha vikaendelea kuishi. Anatupa pesa, naye hajui.

Haya, twende kwenye vitendo.

Jambo la kwanza nililotumwa kufanya halikuwa la kununua dawa hata moja. Nilitumwa niwaambie wasifanye kitu. Klorini iliyozidi haihitaji kuondolewa kwa dawa. Jua la Nairobi, hasa la Desemba hadi Februari, huila yenyewe. Tulikiacha kidimbwi wazi, watoto wakapigwa marufuku, na pampu ikaachwa izunguke. Kichujio cha kipampu hiki ni karatasi iliyokunjwakunjwa, na kutu ya chuma ni laini mno kwake, kwa hivyo dada alichana mto wa zamani, akaifunga pamba yake ya plastiki ndani ya soksi ya nailoni na kuifunga pale maji yanaporudi kidimbwini. Kila baada ya saa chache alikuwa akiiosha, na kila mara ilitoka rangi ya matofali. Yaya wa nyumbani, ambaye mwanzoni alidhani tumeshikwa na wazimu, ndiye aliyekuja kuwa hodari wa kazi hiyo kuliko sisi sote.

Jumatatu asubuhi sakafu ilionekana. Klorini ilikuwa imeshuka hadi 3. Sasa ndipo tulipoweza kupima pH kwa uhakika, kwa sababu klorini nyingi huvuruga dawa ya pH pia na kuigeuza zambarau. Niliwanunulia mjini kifaa cha matone, ambacho ni bora kuliko vijikaratasi, ingawa huchosha kuhesabu. Rangi ya pH ilivuka mpaka wa mwisho wa kadi, ambao ni 8.2. Alkali ilikuwa 280.

Kuteremsha alkali ni kazi ya asidi. Wauzaji wa dawa za vidimbwi wana asidi kavu ya unga, na pia wana ile ya maji, asidi ya haidrokloriki. Kwa kidimbwi cha lita 6,500, mililita 130 za asidi ya maji yenye nguvu ya asilimia 32 huteremsha alkali kwa 10. Tulihitaji kushuka kama 160, yaani lita mbili na ushei. Usije ukazitia zote kwa mara moja! Tulitia nusu lita tu, pampu ikizunguka, na pH ikashuka hadi karibu 7.2. Tukasimama hapo.

Halafu mzee alikuwa ametupa ujanja ambao niliupenda sana. Ukitia asidi, pH na alkali hushuka pamoja. Lakini ukiyarusha maji hewani, pH hupanda peke yake, alkali ikabaki pale pale chini. Sababu ni ile gesi ya kaboni, gesi ile ile inayotoka kwenye chupa ya soda ukiifungua. Ikitoroka, ukali hupungua. Shemeji aliugeuza mdomo wa bomba la pampu ukatazama juu, maji yakawa yanaruka kama chemchemi. Baada ya siku moja pH ilikuwa imerudi juu bila sisi kufanya lolote, nasi tukatia nusu lita nyingine. Mara nne hivyo. Ijumaa alkali ilikuwa karibu 125, na sote tulikubaliana kwamba hiyo inatosha.

Msomaji aliyejaza kidimbwi chake kwa maji ya mfereji atakuwa na tatizo la upande wa pili. Maji hayo huwa na alkali kidogo, na pH yake hurukaruka. Yeye atahitaji baikaboneti ya sodiamu, ile soda ya wapika keki, wala si hamira. Gramu 110 hivi hupandisha alkali ya lita 6,500 kwa 10. Afute nusu ya hesabu kwanza, atie, angoje hadi kesho, apime tena.

Wapo watakaouliza: kwa nini tusitumie magadi, yale ambayo nyanya zetu huyatia kwenye githeri au mboga ngumu zilainike? Ni swali zuri, kwani magadi yaliyosafishwa kiwandani ndiyo hasa huuzwa kote duniani kama dawa ya kupandisha pH, na Kenya ni mchimbaji wa tangu zamani. Kampuni ya Magadi ilianzishwa mwaka 1911, na reli ya kubeba mzigo wake ikajengwa kutoka Konza hadi kwenye ziwa lenyewe. Lakini yale mabonge ya sokoni hayajasafishwa. Yana udongo na floridi nyingi. Yaache yaendelee na kazi yake ya jikoni, na hata huko kwa uchache.

Jua, jasho na haja ndogo

Baada ya alkali na pH kukaa sawa, klorini ikawa jambo jepesi. Gramu 10 za chembechembe zenye nguvu ya asilimia 65 huongeza miligramu 1 kwa lita katika kidimbwi cha ukubwa huu. Gramu 30, ambazo ni kama vijiko viwili vya mezani, zinatosha kuanzia. Linganisha na kikombe na nusu alichotia shemeji! Huyeyushwa kwanza ndani ya ndoo ya maji, kwani chembe zikitua juu ya turubai huliunguza na kuacha madoa meupe. Anayetumia Jik isiyo na manukato atahitaji mililita 190 hivi kwa kila miligramu 1.

Lakini klorini tupu haidumu juani. Kwa kidimbwi chenye kina kifupi namna hii, nyingi ya klorini uliyotia asubuhi itakuwa imetoweka ifikapo alasiri. Wataalamu hutumia asidi ya sayanuriki, ambayo hufanya kazi kama mwavuli. Gramu 200 hutosha kufikia miligramu 30 kwa lita. Hutiwa ndani ya soksi na kuning'inizwa mbele ya bomba, na huchukua siku kadhaa kuyeyuka. Mwavuli huo ukishawekwa, klorini isishuke chini ya 2. Wala usiongeze mwavuli juu ya mwavuli, kwa sababu ukizidi huifunga klorini mikono. Vile vidonge vikubwa vinavyoelea huwa na mwavuli ndani yake tayari, na ndiyo maana mtu anayevitumia miezi mingi hujikuta na maji ya kijani ilhali kipimo kinasema klorini ipo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo lilimfanya dada yangu aone haya. Ile harufu kali tunayoiita ya klorini, inayokulaki kwenye mlango wa vidimbwi vya umma, si ya klorini safi. Hutokana na kloramini, kitu kinachozaliwa klorini inapokutana na jasho, mafuta ya mwili na mkojo. Hicho ndicho husababisha macho mengi mekundu. Kidimbwi chenye klorini sawasawa na waogeleaji safi hakinuki karibu kitu. Kwa hivyo watoto waende chooni, waoge kwa sabuni, ndipo waingie. Mtoto anayeharisha asiingie kabisa hadi apone na siku zaidi zipite, kwani kuna vijidudu vya kuharisha ambavyo huvumilia klorini ya kawaida kwa siku kadhaa.

Floridi ya kisima haina shida kwa ngozi, lakini klorini haiiondoi. Watoto wafunzwe kutomeza maji hayo. Meno yenye madoa ya kahawia tunayoyaona katika sehemu nyingi za nchi hutokana na kunywa maji kama haya utotoni.

Hatari mbili zisizosubiri

Klorini na asidi zikikutana nje ya kidimbwi hutoa gesi ya sumu. Ni gesi ile ile ambayo wanajeshi wa Ujerumani waliifungulia karibu na Ypres, Ubelgiji, Aprili 22, 1915, ikawaua wenzao kwenye mahandaki. Usitumie ndoo moja kwa vyote viwili. Usivihifadhi kwenye rafu moja. Usichanganye klorini ya chembechembe na ile ya vidonge, kwani zinaweza kuwaka moto. Dawa ndiyo humwagwa ndani ya maji; kamwe usimwage maji juu ya dawa. Vaa glavu na miwani, na uwe upande ambao upepo unatokea. Shemeji aliyacheka mambo ya miwani hadi tone moja la asidi liliporuka likatoboa shati lake la kazi. Tangu hapo huivaa hata anapopima tu.

Hatari ya pili haina kemia. Sentimita 62 za maji zinatosha kumzamisha mtoto wa miaka mitatu, na hatapiga kelele. Ngazi iondolewe kila watu wazima wanapotoka uani. Kifuniko cha turubai kisihesabiwe kuwa ulinzi. Mtoto akikikanyaga hunasa chini yake. Mtu mzima mmoja akae pale, bila simu mkononi, na ajulikane ni nani. "Tulikuwa wote tunamwangalia" maana yake hakuna aliyekuwa akimwangalia.

Likizo ikiisha, maji yasielekezwe kwenye mtaro. Mitaro ya Lavington na Kileleshwa humwaga kwenye vijito vya Kirichwa Kubwa na Kirichwa Ndogo, na huko ni Mto Nairobi, ambao tayari una mzigo wake. Acha klorini iishe juani, upime mpaka usome sifuri, kisha uyatumie kuoshea gari, mazulia au sakafu ya veranda. Ya mfereji yanaweza kumwagiliwa nyasi. Ya kisima yana sodiamu nyingi, nayo hugandisha udongo na kudhuru maua yakitumiwa mara kwa mara.

Mwenye boza alipigiwa simu tena wiki ile akaambiwa hahitajiki. Hakufurahi.

Nilirudi Lavington Jumamosi iliyofuata. Kidimbwi kilikuwa cheupe, samawati ya turubai ikionekana hadi kwenye mshono wa chini. Mtoto mdogo wa dada, msichana wa miaka saba, alikuwa amekabidhiwa kazi ya kupima. Aliujaza mrija, akadondosha matone matano akihesabu kwa sauti, akautingisha na kuuinua juani. Kwenye kadi wameandika rangi kwa majina wanayoyajua wao: ndizi ni asidi imezidi, papai ni sawa, tikitimaji ni juu mno.

"Papai," alisema. "Mama, twaweza kuingia?"

Mama yake alimuuliza kama ameenda chooni.